Plagi za IST: kuzitoa, kuzisoma na kufunga mpya ukiwa nyumbani

Kwa muda mrefu nilikuwa mteja mwema wa gereji: naacha ufunguo, nakaa kwenye benchi, nasubiri, nalipa, naondoka. Siku moja gari likaanza kutetemeka kila nikisimama kwenye mataa, nikaamua kufungua mwenyewe. Miezi mitano nyuma nilikuwa nimelipia plagi nne mpya. Nilichokuta ni moja mpya na tatu kuukuu zilizosuguliwa kwa msasa mpaka zikang'aa.

Hasira iliisha baada ya wiki, mazoea yakabaki. Plagi za gari la nyumbani sasa nazitoa mwenyewe, kwa sababu plagi iliyotoka kwenye injini ni kama kadi ya kliniki ya mtoto. Imeandikwa silinda ile inakula nini, inapumuaje, na kama oili au maji yanapita mahali yasipotakiwa. Fundi akibadilisha wewe hupo, kadi hiyo inaishia kwenye ndoo ya vyuma chakavu na hakuna aliyeisoma.

Kazi yenyewe ni ya saa moja kwa anayeanza, nusu saa kwa aliyezoea. Naieleza kwa Toyota IST ya toleo la kwanza, ile ya 2002 hadi 2007, ambayo huja na injini ya 2NZ-FE (cc 1,298) au 1NZ-FE (cc 1,496). Injini hizo mbili ndizo zilizomo kwenye Probox, Fun Cargo, Platz, Vitz kadhaa, Runx na Premio za 1.5, kwa hiyo ukiwa na mojawapo ya hizo, karibu kila kitu hapa kinakuhusu. Hujui injini yako? Fungua boneti usome kile kibati cha kiwandani. Injini imeandikwa pale pamoja na modeli.

Kuna magari ambayo sikushauri uanzie nayo. Subaru zenye injini ya boksa plagi zake zimelala ubavuni, na mkono hauingii mpaka utoe betri na boksi la filta ya hewa. Harrier na Kluger za V6 zina plagi tatu nyuma, zimefunikwa na manifodi ya hewa. Nissan Tiida ya HR15 nayo inataka manifodi itolewe kwanza. Honda Fit za mwanzo zenye injini ya i-DSI zina plagi nane, mbili kwa kila silinda, na safu ya nyuma ni kilio. Hizo mpelekee fundi, ila simama pale pale na umwambie akupe plagi za zamani mkononi.

Plagi inafanya kazi kiasi gani

Koili inaupandisha umeme wa betri, volti 12, mpaka makumi elfu ya volti. Umeme huo unaruka kwenye mwanya mdogo ulioko kwenye ncha ya plagi na cheche inawasha mchanganyiko wa hewa na petroli. Katika injini ya mipigo minne kila plagi inapiga mara moja kwa kila mizunguko miwili ya kranki, shafti kuu ya injini. Injini ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, hiyo ni cheche 1,200 kwa dakika, yaani 72,000 kwa saa. Safari ya saa saba kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma inakaribia cheche nusu milioni kwa kila plagi, na kila cheche inang'oa chembe ya chuma isiyoonekana. Mwanya unapanuka kidogo kidogo, na kadiri unavyopanuka koili inalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana plagi zilizochoka huua koili.

Hapa kuna jambo ambalo kilomita hazilisemi. Gari likisimama kwenye foleni na injini inazunguka mara 700 kwa dakika, kila plagi inatoa cheche 21,000 kwa saa huku mita ya kilomita ikiwa imelala. Mtu anayetoka Mbagala kwenda Posta kila asubuhi na mwenzake anayeishi Singida wanaweza kuwa na kilomita sawa kabisa kwenye dashibodi, plagi zao zikiwa na umri tofauti sana. Plagi za kawaida za nikeli huhesabiwa kilomita 20,000 hivi. Za iridiamu za muda mrefu hufika 100,000. Ukiwa mtu wa foleni, kata hesabu hiyo kidogo.

Dalili utazijua: gari asubuhi haliwaki kwa mara moja, linatetemeka likiwa limesimama, linajikwaa ukikanyaga mafuta ghafla, petroli inaisha mapema kuliko ulivyozoea. Mafundi husema injini inamisi. Taa ya injini ikiwaka, mwenye mashine ya kupimia atakuta kodi (namba ya hitilafu) ya P0300, au P0301 hadi P0304; tarakimu ya mwisho, isipokuwa sifuri, ni namba ya silinda yenye shida. Taa hiyo ikiwa inawaka na kuzima-kuzima wakati unaendesha, punguza mwendo na usilitumie zaidi ya lazima. Petroli isiyoungua inakwenda kuunguzwa ndani ya masega, kile kisafishio cha moshi kilicho kwenye bomba la moshi, na masega ni ghali kuliko plagi mara nyingi sana.

Kununua, ambako ndiko watu wengi wanaliwa

Kwa IST plagi ya nikeli inayofahamika ni Denso K16R-U11. Jifunze kuisoma hiyo namba, kwa sababu muuzaji atakwambia "hii ni ile ile" akikupa nyingine. K ni umbo: nyuzi za milimita 14, urefu wa nyuzi milimita 19, kichwa cha soketi ya 16. Namba 16 ni kiwango cha joto. R ina maana kuna rezista ndani, inayozuia kelele za umeme zisisumbue redio na kompyuta ya gari. U ni mfereji mdogo kwenye elektrodi, kile chuma cha ncha ambako cheche inaruka. Na 11 ya mwisho ni mwanya: milimita 1.1. Kwa NGK tarakimu hizo za mwisho zinasema jambo lile lile, lakini kiwango cha joto kinaandikwa kwa mtindo mwingine: 16 ya Denso ni 5 ya NGK, 20 ya Denso ni 6 ya NGK. Kwa kampuni zote mbili namba kubwa ni plagi "baridi" zaidi, yaani inayotoa joto haraka. Bosch wamepindua: kwao namba kubwa ndiyo ya moto. Ukibadilisha kampuni kwa kubahatisha namba, unaweza kufunga plagi isiyo ya injini yako kabisa.

Ukitaka iridiamu, Denso SK16R11 au NGK IFR5A11 ndizo za ukubwa huo. Iridiamu inayeyuka kwenye nyuzi joto 2,446, nikeli kwenye 1,455. Ndiyo maana elektrodi yake inaweza kutengenezwa nyembamba kama sindano na bado ikadumu. Je, inastahili bei yake? Kwa gari utakalokaa nalo, ndiyo, kwa sharti kwamba ni ya kweli. Iridiamu feki ni mbaya kuliko nikeli halisi, na Kariakoo upande wa Gerezani utazikuta zote mbili meza moja.

Mimi hukagua hivi. Maandishi kwenye kauri yawe makali, hayafutiki ukisugua kwa kidole chenye mate. Elektrodi ya kati ikae katikati kweli, isiegemee upande. Ile ya pembeni iwe imekunjwa sawasawa, na kiungo chake kisiwe na matone ya kuchomelea. Washa ya chini, ile pete ya kukandamizwa, isitoke kwa kuivuta kwa vidole. Kwenye plagi nzuri inazunguka lakini haichomoki. Nyuzi ziwe laini, zinang'aa, hazina vipande. Kwa iridiamu angalia ncha: ikiwa nene kama ya nikeli, hiyo ni nikeli iliyovalishwa jina. Kisha panga zote nne mezani. Za kiwandani zinafanana kama mapacha. Feki, hata za boksi moja, huwa kila moja na sura yake.

Nunua nne, badilisha nne. Kuchanganya mpya na kuukuu ni kuweka tairi moja mpya kwenye gari lenye vipara vitatu.

Vifaa

Soketi ya plagi ya 16, ile ndefu yenye mpira au sumaku ndani. Ekstensheni ya sentimita 15 hadi 20, racheti, na soketi au spana ya 10. Tochi. Kitambaa safi. Kipande cha mpira wa petroli chenye urefu wa kalamu mbili, kinachobana kichwa cha kauri cha plagi. Hiki ndicho kifaa ninachokipenda kuliko vyote na utaona kwa nini. Filageji ya kupimia mwanya. Kitu cha kupulizia: kama huna kompresa, pampu ya baiskeli yenye mrija wa kalamu iliyoisha wino inatosha. Ukipata spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, ya kuazima, azima. Magari mapya zaidi, mfano Premio zenye 2ZR, hutaka soketi ya 14, kwa hiyo pima kabla hujaanza kufungua.

Soketi ya kawaida isiyo na mpira ndani itaikaza na kuifungua plagi, lakini haitaipandisha juu, na ikikaa upande inapasua kauri. Ufa wa kauri mara nyingi hauonekani kwa macho. Utaijua gari likianza kumisi wiki moja baadaye.

Kufungua

Injini iwe baridi. Si vuguvugu: baridi, imelala usiku kucha. Silinda hedi, kile kichwa cha injini ambamo plagi zinafungwa, ni ya aluminiamu na plagi ni ya feleji. Ukifungua ya moto nyuzi za aluminiamu zinaweza kutoka pamoja na plagi. Mimi hufanya Jumapili saa moja asubuhi, kabla jua halijapiga uani.

Zima switchi, toa ufunguo, weka mfukoni. Miongozo mingi itakwambia utoe waya wa hasi wa betri. Kwa kazi hii si lazima switchi ikiwa imezimwa, na kwa magari yetu ya kutoka Japani kuna sababu ya kutofanya hivyo: redio nyingi za Toyota zikikosa umeme zinajifunga na kudai kodi (namba ya siri) kwa Kijapani, na hapo utalipa fundi redio kwa sababu ya plagi.

Futa vumbi juu ya injini kabla hujagusa kitu. Kama kuna kifuniko cha plastiki, fungua nati zake za 10 na uachie klipu, kisha kinyanyue polepole. Kwenye baadhi ya magari ya injini hizi boksi la filta ya hewa limekaa juu pale pale. Litoe nalo, na uzibe mdomo wa bomba la hewa kwa kitambaa. Sasa utaona koili nne zimejipanga mstari, kila moja na soketi yake ya waya na bolti moja ya 10. Ukisimama mbele ya gari ukitazama injini, silinda namba moja ni ya kushoto kwako, upande wa cheni.

Anza na namba moja, maliza yote yake, ndipo uende namba mbili. Anayefungua zote nne kwa pamoja anabaki na mashimo manne wazi na nati moja haionekani.

Soketi ya waya kwenye koili ina ulimi wa kubonyeza. Plastiki hiyo imepikwa na joto kwa miaka ishirini na inakatika kama biskuti. Bonyeza ulimi, sukuma soketi kidogo ndani ili ulimi uachie, halafu ndipo uvute kwa kushika plastiki, kamwe usivute nyaya. Fungua bolti. Shika kichwa cha koili, kizungushe kidogo kulia na kushoto ili mpira uachie, kisha vuta juu wima. Andika 1 juu yake kwa kalamu ya rangi.

Sasa simama. Kabla hujaingiza soketi, piga tochi ndani ya kisima cha plagi. Ukiona mchanga, vumbi au majani, puliza yatoke, funga macho au vaa miwani. Chochote kilichoko mle chini, ukitoa plagi, kinadondoka ndani ya silinda juu ya pistoni. Barabara zetu zikiwa na vumbi la namna ile, hatua hii sijawahi kuiruka. Ukikuta oili kwenye kisima, ikaushe kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti. Hiyo inatoka kwenye sili za visima na gasketi ya tapeti kava, kifuniko cha juu cha injini. Haizuii kazi ya leo, ila gasketi iandikie tarehe, kwa sababu oili huoza mpira wa koili.

Ingiza soketi mpaka uisikie imekaa. Fungua kinyume cha saa. Mwanzoni itatoa mlio mmoja wa "tak", halafu inalainika. Ikiwa ngumu mno, usiitumie nguvu za kiume. Nyunyizia kilainishi cha kutu kidogo, subiri dakika kumi na tano, fungua robo mzunguko, rudisha nusu yake, fungua tena. Ikigoma hata hivyo, acha ilivyo na mpigie fundi. Plagi iliyokatikia ndani ya hedi inaweza kuwa gharama ya kushusha hedi nzima. Ikishalegea, ichukue kwa soketi yenye mpira, au vika kile kipande cha mpira wa petroli kichwani mwake uipandishe.

Kusoma plagi ya zamani

Hapa usikimbie. Ziweke kwenye gazeti kwa mpangilio wake, 1 hadi 4, ncha zikielekea upande wako.

Rangi ya kahawia hafifu, kijivu, au ya chai ya maziwa: injini yako ni nzima, na plagi imezeeka tu kwa heshima. Elektrodi za pembe zilizoviringika na mwanya uliopanuka ndiyo ushahidi wa uzee huo.

Masizi meusi makavu, yanayopaka vidole: petroli nyingi kuliko hewa. Ukiona hivyo kwenye zote nne, anzia kwenye filta ya hewa, ambayo kwa wengi wetu ni kitambaa cha udongo kufikia wakati huo, kisha sensa ya hewa. Ukiona kwenye moja tu, shuku koili yake au injekta inayovuja.

Nyeusi yenye unyevu wa oili unaoteleza: oili inapita kwenye ringi au sili za valvu. Angalia vizuri kama oili iko kwenye ncha iliyokuwa ndani ya silinda au juu kwenye kauri. Ya juu ni ile ya kisima niliyoitaja, ugonjwa wa gasketi ya bei nafuu. Ya kwenye ncha ni habari nzito. Nimewahi kumwona jirani akiambiwa afungue injini nzima kwa sababu ya oili iliyokuwa kwenye kisima tu.

Nyeupe kama chokaa, yenye malengelenge au vishanga vilivyoyeyuka: joto limezidi. Inawezekana plagi ni ya kiwango cha joto kisicho sahihi, hewa inaingia pasipopaswa, au injini imewahi kuchemka. Kagua maji ya rejeta na feni kabla hujafunga mpya.

Rangi ya machungwa au wekundu wa tofali mara nyingi hutokana na viongezi vilivyomo kwenye petroli. Si kutu, usishtuke.

Ile inayonitia wasiwasi kuliko zote haina uchafu wowote. Ukiona plagi moja ni safi ajabu, imeoshwa kama kijiko, wakati wenzake watatu ni kahawia, fikiria maji. Maji ya rejeta yakipenya kwenye silinda yanageuka mvuke na kuisafisha plagi. Ukikuta hiyo, na maji yako yanapungua bila kuona yanapodondokea, hiyo ni dalili ya gasketi ya hedi, na umeiona mapema kuliko fundi yeyote angekuambia.

Na doa moja la kupuuza: mzunguko wa kahawia kwenye kauri nyeupe, pale juu inapoingia kwenye chuma. Wengi husema "plagi inavuja". Ni chembe za oili na vumbi zilizovutwa na umeme mkali. Haina madhara.

Piga picha zote nne pamoja kwa simu kabla hujaziondoa.

Kufunga mpya

Pima mwanya kwa filageji: 1.1. Plagi mpya kwa kawaida zimekuja tayari, lakini boksi huanguka dukani. Kwa nikeli, ikiwa mwanya umepungua, kunjua elektrodi ya pembeni kidogo sana kwa koleo bila kugusa ya kati. Kwa iridiamu usisogeze kitu. Ule msindano unavunjika kwa kuguswa. Isiyo na mwanya sahihi irudishe dukani. Plagi iliyoanguka sakafuni usiifunge, hata kama inaonekana nzima.

Usipake grisi yoyote kwenye nyuzi. Plagi za NGK na Denso zimepakwa kiwandani, na grisi inateleza kiasi kwamba unakaza kupita kiasi bila kujua.

Sasa mpira wa petroli unaonyesha thamani yake. Chomeka kichwa cha plagi kwenye mpira, ishushe ndani ya kisima polepole, isidondoke. Ikigusa nyuzi, izungushe kwanza kinyume cha saa, kama unafungua, mpaka uisikie ikishuka "tik" kidogo. Hapo mwanzo wa nyuzi mbili umekutana. Ndipo uzungushe kulia. Inapaswa kuingia kwa vidole viwili, laini, mpaka mwisho. Ikiingia vibaya mpira utateleza mkononi kabla nyuzi hazijaharibika, ilhali racheti ingeendelea kusukuma. Ukisikia ugumu katika mizunguko miwili ya kwanza, itoe, futa, anza upya. Hedi iliyoliwa nyuzi inatengenezwa kwa kuchongwa na kuwekewa bushi mpya, kazi ambayo hutaki kuigharamia kwa uzembe wa sekunde kumi.

Ikishafika chini kwa mkono, weka soketi. Mwenye spana ya toki: kitabu cha Toyota kwa injini hii kinataja 18 Nm. Asiye nayo afikirie uso wa saa ya ukutani. Kwa plagi mpya yenye washa ambayo haijawahi kukandamizwa, ikishagota kwa mkono, izungushe kutoka saa kumi na mbili hadi saa sita, yaani nusu mzunguko, utaisikia washa ikijikunja, kisha inashika. Ishia hapo. Kwa plagi uliyoitoa na kuirudisha, washa imeshakandamizwa: toka kumi na mbili hadi saa moja tu inatosha. Iliyolegea inavujisha mgandamizo na kuungua. Iliyokazwa kwa mguu inavuta nyuzi za aluminiamu. Nimeona zaidi ya zile za pili.

Rudisha koili namba 1 kwenye nafasi yake, ikandamize mpaka mpira uonje kichwa cha plagi, funga bolti ya 10 kwa mkono na kisha robo mzunguko. Chomeka soketi ya waya mpaka ilie "klik". Hilo "klik" ndilo linalosahaulika zaidi ya kila kitu, na gari linalomisi baada ya kazi, mara nyingi ni soketi iliyoingia nusu. Rudia kwa mbili, tatu, nne. Hesabu vifaa vyako na vitambaa kabla hujarudisha kifuniko.

Kuwasha, na kama haikukubali

Washa bila kukanyaga mafuta. Sekunde chache za kwanza inaweza kutikisika, kisha inatulia karibu na mizunguko 700. Iache ipate joto, sikiliza. Kama kuna mlio wa "tsh-tsh-tsh" unaofuata mwendo wa injini, plagi mojawapo haijakaza.

Ikitetemeka, zima na kagua zile soketi nne za waya kwanza. Zikiwa sawa na kodi inasema P0302, mathalani, usikimbilie kununua koili. Hamisha koili ya silinda ya pili kwenda ya tatu na ya tatu kuja ya pili, futa kodi, endesha kidogo. Kodi ikigeuka kuwa P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0302, hamisha plagi vivyo hivyo. Ikibaki tena, tatizo ni injekta, nyaya au mgandamizo, na hapo ndipo fundi mwenye vipimo anapolipwa kwa haki. Kuna wanaopima kwa kung'oa koili moja moja injini ikiwa inanguruma, usiige. Umeme ule unarusha mtu, na petroli ya silinda iliyozimwa inakwenda moja kwa moja kwenye masega.

Andika kilomita na tarehe kwenye kipande cha selotepu ya karatasi, ubandike chini ya boneti. Baada ya kilomita 500 hivi toa plagi moja, ile ambayo mwenzake wa zamani alikuwa na sura mbaya kuliko wote, uilinganishe na picha iliyoko kwenye simu. Kwangu ilikuwa namba tatu. Ya zamani ilikuwa nyeusi tii. Mpya, nilipoifungua Jumapili ya tatu, ilikuwa na kahawia ya kwanza kabisa kwenye ukingo wa kauri, nikairudisha hadi saa moja na kufunga boneti.